Wanaomfikia Mgonjwa wa Akili Kwanza: Tafakari kutoka Mkomaindo na Uwanda wa Makonde



Wapendwa taifa la Mungu, mwishoni mwa Januari 2024 Serikali yetu ilizindua mpango mkubwa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lililotangazwa ni kuwaandaa wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Lengo hilo likishushwa hadi kwetu, kuanzia mitaa ya Masasi mjini hadi vitongoji vya Newala vinavyotazama bonde la Ruvuma, maana yake ni kwamba kila familia itakuwa na mtu wa kumwendea hata kabla ya kufika zahanati. Mtu huyo atamfuatilia mama mjamzito, atampima mtoto, atamkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa. Swali tunalopenda kulitafakari pamoja nanyi ni hili: je, atajua la kufanya siku atakapoitwa katika nyumba ambamo kijana hajalala kwa siku nne, anazungumza na watu wasioonekana, na ndugu zake wamekwisha kutafuta kamba?

Tunauliza hivyo kwa sababu ugonjwa wa akili si jambo la watu wachache wa mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 duniani, yaani mmoja katika kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba zaidi ya watu 700,000 hufariki kila mwaka kwa kujiua, na kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni kimojawapo cha visababishi vikuu vya vifo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba parokia zetu zimesamehewa mzigo huo. Kinachotutofautisha na wengine ni kwamba kwetu mzigo huu hubebwa kimyakimya, chumba cha nyuma, mlango ukiwa umefungwa.

Mazingira yetu nayo yana sura yake. Maisha ya Masasi, Newala na Tandahimba yanazunguka mkorosho. Mkulima hukopa kabla ya msimu, na mwenye shida ya haraka huuza korosho zake kwa kangomba kwa bei ya kutupa kabla mnada haujaanza. Tunakumbuka msimu wa 2018, minada ilipokwama na Serikali ikaamua kununua korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo. Deni, aibu na kusubiri si ugonjwa wa akili, lakini humsukuma mtu aliyekwisha kuelemewa. Katika miezi hiyo hiyo mabibo hutoa uraka na gongo, na yule anayetafuta usingizi ndani ya chupa huukosa usingizi, akapoteza na shamba. Haya yote huyaona kwanza jirani na mke wa nyumbani, muda mrefu kabla daktari hajayasikia.

Umbali kati ya nyumba na tiba

Historia ya huduma hii katika nchi yetu ni historia ya majengo ya mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua Mirembe, Dodoma, ambayo leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Kwa vizazi vingi jina "Mirembe" limekuwa kwa Watanzania neno la hofu na la mzaha, ingawa mahali penyewe pamewaponya wengi. Kwa mtu wa Newala, Dodoma ni safari ya siku kadhaa, nauli ya mgonjwa na ya wasindikizaji wawili, na mara nyingi ni safari ya kurudi bila mpango wa nani atatoa dawa mwezi ujao.

Kati ya kitongoji na Dodoma ndipo iliposimama Mkomaindo. Hospitali hiyo ya Masasi ilianzishwa na ndugu zetu wa Misheni ya Kianglikana ya UMCA, na leo inahudumu kama hospitali ya umma. Katika eneo hili ndipo alipofika mwaka 1935 Dk. Leader Stirling, daktari wa misheni hiyo ambaye baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, akafanya kazi Mnero, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Madaktari wa kizazi chake hawakuwa na namna ya kuwafikia watu wa porini peke yao. Walitegemea wauguzi na wasaidizi wa hapa hapa waliowafundisha kazi, wakawatuma vijijini. Ndanda nako, Wabenediktini, akiwamo Sista Thekla Stinnesbeck aliyekuwa daktari, waliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa njia iyo hiyo, na makazi ya Mwena yanakumbukwa hadi leo.

Tunautaja ukoma kwa makusudi. Wazee wetu wanajua jinsi mwenye ukoma alivyofichwa, alivyotengwa, na jinsi ugonjwa wake ulivyohesabiwa kuwa laana. Mahubiri peke yake hayakuuondoa unyanyapaa huo, wala dawa peke yake. Uliondoka pale dawa ilipofika kijijini mikononi mwa mtu anayefahamika, ambaye hakuogopa kumgusa mgonjwa, na majirani wakamwona mgonjwa huyo akirudi shambani. Ugonjwa wa akili unangoja njia hiyo hiyo.

Tumekwisha kujaribu, na tulijifunza nini?

Wapo wanaodhani kwamba kumfundisha mtu asiye daktari bingwa kuhudumia ugonjwa wa akili ni jambo jipya lililoletwa na wafadhili wa leo. La hasha. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Tanzania ilianzisha programu ya taifa ya afya ya akili kwa kuanzia na mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kuwatambua wagonjwa wa akili na wa kifafa, kuwapa dawa za msingi na kuwafuatilia. Programu ile ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana katika nchi yenye madaktari bingwa wachache mno.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alikuwa ameanzisha huko Mahenge kliniki ya watu wenye kifafa. Aliwakuta wamejaa makovu ya moto, kwa sababu watu waliamini kwamba kumgusa mtu mwenye kifafa akiwa ameanguka ni kuambukizwa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na si wazimu, lakini kwetu hutupwa katika kapu moja na ugonjwa wa akili, na wote huhudumiwa katika kliniki moja. Dawa aliyoitegemea, fenobabitoni, ni ya zamani na ya bei nafuu. Wengi walioimeza kila siku waliacha kuanguka au walianguka mara chache zaidi, na wakaanza kukaa tena na watu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuziba pengo la huduma hizi, na mwaka 2010 likatoa mwongozo kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wahudumu wasio mabingwa. Mwongozo huo unahusu sonona, magonjwa ya kupotewa na uhalisia, kifafa, ulevi na dawa za kulevya, kujidhuru, usahaulifu wa uzeeni, na matatizo ya watoto na vijana. Hivyo elimu ipo, na uzoefu upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mambo matatu ambayo hayamo katika cheti cha semina.

La kwanza ni dawa. Mhudumu aliyefundishwa kumtambua mgonjwa, akampeleka zahanati, wakakuta kabati tupu, atafanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu hatakwenda. La pili ni usimamizi. Mafunzo ya siku tano bila mtu mwenye ujuzi kurudi kila baada ya miezi michache kuangalia kazi, kusahihisha na kutia moyo, huyeyuka kama umande wa asubuhi. La tatu ni matunzo ya mhudumu mwenyewe. Anayesikiliza habari za kujiua, za kubakwa na za ulevi kila wiki naye ni binadamu. Asipolipwa posho yake kwa wakati, na asipokuwa na mtu wa kumsikiliza, atachoka, na uchovu wake utageuka kuwa ukali kwa mgonjwa. Kwa hiyo, waamini, tunaposikia kwamba watu kadhaa wamefundishwa, tusitosheke na idadi. Tuulize dawa ziko wapi, nani atawasimamia, na nani atawatunza.

Mafunzo yafundishe nini?

Hatuandiki hapa kitabu cha udaktari. Lakini ni vema kila mwamini ajue ni ujuzi gani tunaouombea watu wetu. Mhudumu wa mstari wa mbele hatakiwi kuupa ugonjwa jina. Anatakiwa kuona mabadiliko: mtu aliyekuwa mchapakazi ameacha kulima, hali, hajiogi, amejitenga, ama anasema maneno yasiyoungana. Anatakiwa kumkaribia kwa utulivu, kwa sauti ya chini, bila kundi la watazamaji na bila kubishana naye juu ya anayoyasikia. Anatakiwa kuisikiliza familia, maana nayo inaumia. Anatakiwa kujua ni lini jambo ni la dharura: mgonjwa hali wala hanywi, anatishia kujiua au kumdhuru mwingine, ana homa kali pamoja na kuchanganyikiwa, ama ni mama aliyejifungua karibuni. Homa ya malaria na maambukizi ya ubongo huweza kuonekana kama wazimu, na kuchelewa kwa siku moja kunaweza kuwa kifo.

Zaidi ya hayo, anatakiwa kuthubutu kuuliza swali ambalo wengi wetu tunaliogopa: "Je, umewahi kufikiri kuyakatisha maisha yako?" Watu wengi huamini kwamba kuuliza hivyo ni kumpa mtu wazo. Wataalamu wanakubaliana kwamba sivyo. Swali hilo likiulizwa kwa upole humfungulia mlango aliyekuwa peke yake gizani.

Hatimaye, anatakiwa kufuatilia. Dawa nyingi za akili hazifanyi kazi kwa siku moja. Nyingine huhitaji majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na zikiachwa mara baada ya nafuu ugonjwa hurudi. Nyingine huleta usingizi, kutetemeka au kukakamaa kwa misuli, na familia isiyoelezwa hudhani ni sumu au ni uchawi umezidi. Mtu wa kuwaeleza haya, kwa Kiswahili chepesi au kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, si bingwa wa Dodoma. Ni yule wa kitongojini.

Tusiwasahau wengine wanaofika kwanza

Mwanafamilia mwenye shida hampigii simu mtaalamu. Humwendea katekista wa kigango, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mama wa WAWATA, mwenyekiti wa kitongoji, askari polisi, mwalimu wa shule, nyakanga wa jando au kungwi wa unyago, na mara nyingi sana mganga wa jadi. Hawa wote wako mstari wa mbele, wapende wasipende. Ikiwa mafunzo yatawahusu watu wenye makoti meupe peke yao, tutakuwa tumeweka mlango imara katika nyumba isiyo na kuta.

Majirani zetu wametuonyesha njia. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Hawakutumia majina ya kigeni ya magonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo hata Mmakonde analielewa akielezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika pia Zanzibar. Sisi nasi tuna mabibi, tuna mabenchi, na tuna vivuli vya miembe kanisani.

Suala la mapepo na maombezi

Hapa tuseme wazi, kwa sababu waamini wanatuuliza. Ugonjwa wa akili unapoingia nyumbani, neno la kwanza huwa "amerogwa" au "ana jini". Hapo safari ya kutafuta mwombeaji na mganga huanza, na hospitali huja mwisho, baada ya mbuzi kuuzwa na miezi kupita.

Mama Kanisa anafundisha kwamba shetani yupo na kwamba Kristo ana mamlaka juu yake. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1673, inatenganisha waziwazi jambo hilo na magonjwa, hasa ya nafsi, ambayo kuyatibu ni kazi ya sayansi ya tiba, na inataka ihakikishwe kwanza kwamba hakuna ugonjwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza mtu yeyote kufanya upungaji pepo bila ruhusa maalumu ya Askofu mahalia. Kwa hiyo yule anayemfunga mgonjwa kwa mnyororo uani kwake, akamfungisha kula na kumchapa "ili pepo limtoke", hafanyi jambo la Kanisa, hata kama anashika rozari mkononi. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa kama ushahidi wa imani anamweka katika hatari ya kifo.

Wengine watatukumbusha habari ya mtu wa nchi ya Wagerasi katika Injili ya Marko. Tuisome yote. Mtu yule alikuwa amefungwa pingu na minyororo mara nyingi, wala haikumsaidia. Bwana hakuongeza mnyororo. Alimkaribia, akazungumza naye, na mwishoni watu wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Naye alipotaka kumfuata, Yesu alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Kurudi nyumbani na kupokelewa ni sehemu ya uponyaji, na sehemu hiyo haiwezi kufanywa na hospitali. Ni yetu.

Sala na dawa havigombani. Mgonjwa wa akili ana haki ya Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ya Kitubio na ya Ekaristi Takatifu kadiri anavyoweza kushiriki. Katekista aliyefundishwa vizuri atasali na familia, kisha atawaambia: "Kesho asubuhi tunakwenda zahanati, nami nitawasindikiza."

Aibu ya kisheria na huruma ya Kanisa

Jambo jingine linawafunga watu midomo. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 217, bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Familia inayomwokoa mtoto wake kwenye kamba huogopa kumpeleka hospitali, isije ikaulizwa na polisi. Nchini Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba yao. Uhai ni zawadi ya Mungu, na Kanisa halitaacha kamwe kufundisha kwamba kujiua ni kinyume cha upendo. Lakini Katekisimu hiyo hiyo inafundisha kwamba matatizo mazito ya nafsi, uchungu au hofu kubwa hupunguza wajibu wa aliyetenda, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Aliyenusurika anahitaji kitanda na msikilizaji. Tunaona ni halali kwa waamini walei, hasa wanasheria na viongozi, kulileta jambo hili katika mjadala wa taifa kwa heshima.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila parokia ichague watu wawili au watatu wenye hekima na wanaojua kutunza siri, na Paroko awaombee nafasi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya mafunzo ya afya ya akili yanapofanyika, au amwalike muuguzi wa afya ya akili kuja parokiani. Semina za makatekista ziwe na somo moja la jambo hili kila mwaka. Jumuiya Ndogo Ndogo ziihesabu familia yenye mgonjwa wa akili miongoni mwa zinazotembelewa, na si kwa sala tu: mmoja akae na mgonjwa ili mama yake apate kwenda sokoni, mwingine achangie nauli ya kwenda Mkomaindo, mwingine akumbuke tarehe ya dawa. Halmashauri Walei ziwaulize viongozi wa zahanati, kwa upole na bila kuchoka, kama dawa zipo. Na sote tuache neno "kichaa" vinywani mwetu, kwanza mbele ya watoto.

Kanisa lina kielelezo. Katika karne ya 16 huko Granada, Hispania, mtu mmoja aliyeguswa mno na mahubiri alidhaniwa kuwa mwendawazimu, akafungiwa na kuchapwa viboko pamoja na wagonjwa wengine, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Alipotoka alianza kuwakusanya wagonjwa na kuwahudumia kwa heshima. Huyo ndiye Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na wa wauguzi. Alijua kutoka ndani tofauti kati ya mkono unaofunga na mkono unaoponya.

Wahudumu wetu wa vitongoji wanaandaliwa sasa. Masomo yao, vifaa vyao na dawa watakazozikuta zahanati zitaamuliwa katika miaka hii michache, katika vikao vya halmashauri ambavyo madiwani wetu wanaketi. Tukinyamaza, afya ya akili itabaki ukurasa wa mwisho wa kitini, ule ambao muda wa semina huisha kabla haujafikiwa. Tukisema, kamba katika nyumba ile itarudishwa mahali pake ghalani, na kijana atafikishwa kwa mtu anayejua kumsaidia.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee. Amani ya Kristo na iwe nanyi nyote.